Sharubati ya Kijani Siku ya Posa

Jamani, Vingunguti nzima mie ndiye pekee niliyekwenda kuposa nikaishia kupiga kelele, "Msinywe! Maji ya choo hayo!"

Ilikuwa 1954. Nilikuwa mpimaji maji wa serikali kwenye vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya Pugu. Nachota, natia kwenye chupa, napeleka maabara.

Tukishuku choo kinavuja, tunamwaga humo rangi ya kijani. Kijito kikigeuka kijani, mwenye choo ana kesi.

Asubuhi ile nikaimwaga kwenye choo cha soko, kisha mbio kuoga. Mchana ami yangu Zahor alikuwa ananiposea Zubeida, binti wa Mzee Fakihi, nyumba yao kando ya kijito kilekile. Nilimpenda yule binti mpaka nakosa usingizi.

Kwa desturi mposaji hubaki nyumbani. Mie na kiherehere changu nikafuatana na ami na wazee wenzake.

Ikaletwa sharubati. Kijani, inang'aa!

"Mashallah," ami akasema, akamaliza gilasi.

Nikinyamaza, namuua ami. Nikisema, mke simpati.

Ndipo nikaropoka.

Mzee Fakihi akaweka gilasi yake chini.

"Kijana, nyumbani kwangu wageni wanapewa maji ya choo?"

"Shikamoo, mzee," nikajibu. Akili zilishanihama.

"Marahaba. Toka nje."

Nimeshavaa kiatu kimoja, sauti ya Zubeida ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, hiyo rangi ya keki, nilinunua Kariakoo. Na maji ni ya mvua, ya pipani."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Umesikia?" Mzee akanisogezea jagi. "Haya, malizia."

Nikalimaliza lote, kila funda na samahani yake. Posa ikapokelewa. Kesho yake nikaenda kijitoni, maji meupe kabisa, nikaamini.

Miaka arobaini baadaye tuko barazani, wajukuu wanacheza, Zubeida akaanza kucheka mwenyewe.

"Nini wewe?"

"Ile sharubati. Maji niliyachota kijitoni, ya kijani hivyohivyo. Niliona yamependeza, nikasema wageni watanisifu. Uliposema choo, nikaona posa inakufa."

"Ukaniacha ninywe jagi zima!"

"Sasa ulitaka nikukose?"

Kumbe kesho yake rangi ilikuwa imeshachukuliwa na maji. Nikamuuliza kama na yeye aliionja.

"Thubutu!"

Vijana, mkienda kuposa, kazi iacheni kazini. Na mwanamke akidanganya ili asikukose, we kunywa tu.