Shemeji Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kinyozi wa Nyamarambe hunyoa huku runinga ukutani ikionyesha katuni za Kijapani. Ana vidole virefu, na kila akimaliza shavu hulipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mama anayepima homa. Jibril, muuza viatu wa duka la pili, hupenda sana pale shujaa anapomwona rafiki yake akiuawa, nywele zake zikageuka nyeupe, akapata nguvu za kupasua mlima. Wateja hushangilia. Kinyozi hupunguza sauti. "Nyinyi mnaona amepata nguvu," husema. "Mimi naona mtu amepotea. Angalia hayo macho. Hata rafiki zake hawezi kuwajua tena."

Jumamosi moja shemeji wa kinyozi akaingia, mume wa dada yake, yule aliyemkata huyo dada begani kwa panga na kutolewa kwa dhamana juzi tu. Akakaa kitini, akatabasamu. "Ninyoe ndevu, shemeji. Ama unaogopa?"

Jibril akasimama, asijue amzuie nani. Kinyozi akatia wembe mpya, akaupitisha kooni mwa shemeji polepole, akarudia, mishipa ya shingo yake mwenyewe imemtutumka na jasho likimdondoka puani. Wembe haukuteleza. Akapaka spiriti. "Nimemaliza," akasema. "Enda."

Shemeji akatoka akijishika koo, tabasamu limemwisha. Ndipo kinyozi akaegemea ukuta, akauachia wembe ukaanguka sakafuni.

"Jibril," akasema, "nishike. Nishike kabla sijamfuata."