Nenda Ukaoshwe Masikio

Mimi ni muuza miwani. Nasema hivyo mapema ili usije ukatarajia mwanamuziki. Pale dukani Buruburu kazi yangu ni kumkalisha mtu mbele ya ubao wa herufi, nimwambie asome mstari wa chini, yeye akisie, nami nijifanye sijagundua. Lakini ukiniuliza miaka hii mitatu mimi ni nani hasa, nitakwambia mimi ni mwanachama wa kundi la mtandaoni la watu wanaosikiliza albamu nzima.

Nzima, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kila Jumatatu asubuhi msimamizi wetu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na ambaye huandika kama karani wa mahakama, hutupanga wawili wawili. Unampa mwenzako albamu moja unayoamini hajawahi kuisikia, naye anakupa yake. Hairuhusiwi kuruka wimbo. Jumapili jioni unaandika ripoti mbele ya wote. Kusikiliza huku unaosha vyombo ni dhambi, na kusikiliza kwa spika ya simu ni dhambi kubwa zaidi. Kuna jamaa aliyefukuzwa kwa kukiri kwamba alisinzia kwenye wimbo wa nne. Alikuwa mkweli, maskini, na ukweli wenyewe ndio uliomponza.

Tulikuwa watu kama arobaini, wengi wetu watoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na majivuno yetu yalikuwa ya kutisha. Tulidharau redio. Tulidharau muziki wa harusini, hata harusi za ndugu zetu. Mmoja alimhama kinyozi wake wa miaka mingi kwa sababu ya nyimbo zilizokuwa zikipigwa pale, akatembea wiki kadhaa na kichwa kama kichaka, na sisi tukampongeza.

Hata hivyo siwezi kulikana kundi lile. Kabla yake nilidhani najua muziki. Kisha mtu wa mtaa wa Umoja akanipa albamu ya wanawake wa milima fulani huko mbali, wanaoimba kana kwamba wanagombania maji bombani, nikaisikiliza mara sita. Mwingine akanipa albamu ya mzee anayepiga kinanda kimoja cha kanisa hadi unakionea huruma. Nilianza kuingojea Jumatatu, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu amewahi kulifanya Nairobi.

Basi Jumatatu moja nikapangwa na mtu wa paka.

Tulimwita hivyo kwa sababu picha yake ilikuwa ya paka mweusi aliyekaa juu ya sanduku, akiangalia kamera kama afisa wa kaunti aliyekuja kukufungia duka. Mtu wa paka hakuwa na maneno mengi. Ripoti zake zilikuwa mstari mmoja au miwili. Albamu alizowapa wenzake zilijulikana kwa jambo moja: zilikuwa kelele. Si kelele za mtaani, ambazo angalau zina sababu. Magitaa mazito yaliyokokotwa polepole kama kabati juu ya sakafu ya saruji, ngoma moja kila baada ya muda mrefu, na mtu anayekoroma badala ya kuimba. Sote tulikuwa na hakika ni kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye nywele ndefu na hasira na wazazi wake. Tulimwita "buda", kama vijana wa mtaani wanavyomwita mwanamume, naye hakukataa.

Nilimwandikia, "Niaje buda. Usinimalize."

Akajibu, "Chukua hii. Weka sauti juu."

Ilikuwa albamu yenye nyimbo tatu tu, kila mmoja mrefu kama ibada. Naishi katika ile nyumba ndogo waliyoiongeza wazazi wangu nyuma ya kwao, na hedifoni zangu zilikuwa zimekufa sikio moja, kwa hiyo niliipiga kwa spika. Dakika ya kumi mama yangu akagonga mlango, sahani ya mihogo mkononi.

"Huyo anayelia amefiwa na nani?" akauliza.

"Halii, mama. Huo ni muziki."

Akasikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha upande. "Mwambie ajikaze," akasema, akaniachia mihogo akaenda zake.

Niliimaliza kwa kuuma meno. Nami nikampa albamu yangu ya thamani kuliko zote. Ni ya mwimbaji mmoja wa Ukambani, ya zamani sana, magitaa mawili yanayofukuzana juu kabisa kama mvua inapoanza kwenye mabati, na sauti nyembamba ya kiume inayomlaumu mwanamke kwa adabu. Mama yangu huiimba akipiga pasi. Hiyo ndiyo albamu ninayompa mtu nikitaka anipende. Watatu walinipenda kwa sababu yake, na mmoja nusura anioe yeye mwenyewe kwa gharama zake.

Jumapili ikafika. Niliandika ripoti yangu, ndefu, yenye heshima ya uongo. Kisha mtu wa paka akaandika yake:

"Nimesikiliza mwanzo hadi mwisho mara tatu. Sikusikia kitu."

Kundi likalipuka. Watu walituma vile vikaragosi vya kucheka hadi machozi, mstari baada ya mstari. Mmoja akasema hiyo ndiyo ripoti bora ya mwaka. Mwingine akaniandikia pembeni, "Pole bro, umezikwa."

Sasa hapa ndipo nilipokosa akili. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilikaa kitandani na kuandika kwa dakika arobaini. Nilimweleza mtu wa paka kuhusu ulinganifu wa magitaa, kuhusu historia, kuhusu watu wanaodhani muziki ni kuangusha mabati. Nilimwambia ana moyo wa mashine ya kusagia kokoto. Nikamalizia hivi, na naikumbuka neno kwa neno kwa sababu sijaweza kuisahau: "Kama hukusikia kitu hapo, nenda ukaoshwe masikio."

Nikapata vidole gumba kumi na tisa. Nilivihesabu.

Mtu wa paka hakujibu kundini. Kesho yake, nikiwa kazini nampima mwalimu mmoja macho, ujumbe ukaingia kwangu peke yangu: "Sawa. Njoo tuisikilize pamoja uniambie kuna nini. Nakaa Mowlem. Jumapili saa nane mchana." Na maelekezo, mpaka rangi ya geti.

Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilivaa shati zuri, nikabeba spika yangu nzuri na hoja tano kichwani. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya pili nikabisha mlango. Hakuna jibu. Nikabisha tena, nikapiga, nikapiga kwa ngumi. Jirani, mama aliyekuwa akianika nguo kwenye waya wa veranda, akaniambia, "Hawezi kukusikia. Washa na uzime hiyo swichi hapo nje, taa ya ndani itamwonyesha."

Nikabonyeza swichi. Nilikuwa bado sijaelewa, unaweza kuamini? Nilidhani jamaa amevaa hedifoni.

Mlango ukafunguliwa na mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, amevaa leso kiunoni na sweta ya kijani, na yule paka mweusi akipita katikati ya miguu yake. Alinitazama mdomo, si macho.

Hoja zangu tano zikaruka dirishani. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, buda," akajibu. "Ongea polepole na unitazame. Ingia."

Sijui kama umewahi kutamani sakafu ya nyumba ya mtu ikumeze. Nilikaa kwenye kiti, akanipa chai, na nikatafuta maneno. Nilipoyapata aliyakata kwa mkono.

"Usiombe msamaha, hukujua. Na pia nilicheka sana. Moyo wa mashine ya kusagia kokoto! Mimi nimefanya kazi na mashine miaka ishirini na minane."

Alikuwa kwenye kiwanda cha misumari, mtaa wa Baba Dogo. Zile mashine hukata waya na kuutia kichwa, pa, pa, pa, siku nzima, na enzi zile walichopewa kuziba masikio kilikuwa pamba, tena siku ambazo pamba ipo. Masikio yake hayakuondoka siku moja. Kwanza waliondoka ndege, akasema. Kisha ikaondoka sauti ya kwanza ya kwaya kanisani, ambako yeye mwenyewe alikuwa akiimba sauti hiyo. Mwalimu wa kwaya alimwambia mbele ya wenzake kwamba anaimba nje ya sauti, akaenda kukaa viti vya nyuma na hakurudi mbele tena. Mwishowe watu wakabaki wakichezesha midomo tu.

"Lakini vya chini vimebaki," akasema. "Ngurumo, lori, ngoma. Siku moja simu yangu ilijiwasha yenyewe kwenye meza, ikapiga kitu kizito, nikakisikia kwa viwiko. Nikalia. Miaka sita sikuwa nimesikia muziki. Basi nikaanza kuwinda vizito. Kundini nilipaona pazuri kwa sababu mnaandika. Hakuna anayeninong'oneza, hakuna anayesema 'basi haidhuru' nikimwomba arudie."

Kisha akasimama. "Njoo ukae hapa."

Palikuwa na sanduku la mbao, lile la kwenye picha ya paka, refu kama jeneza la mtu mfupi. Ndani yake alikuwa ameweka wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, imeangalia juu. Tulikaa juu ya kifuniko, mimi na yeye, bega kwa bega kama watu wanaosubiri daktari. Akaipiga ile albamu yake ya nyimbo tatu.

Nami nasema kweli, albamu ile niliisikia kwa makalio. Kile nilichodhani ni kabati linalokokotwa kilinipanda kwenye uti wa mgongo kikawa wimbo. Ulikuwa na mwendo, ulikuwa na subira, ulijenga kitu kirefu na kukishusha polepole, na ile ngoma moja ilipopigwa nilihisi mtu amenishika mabega. Paka alikuja akalala kati yetu. Sijui ni muda gani ulipita. Wimbo wa pili ulipoisha nilikuwa na machozi, na ningependa kusema ni ya muziki, lakini mengine yalikuwa ya aibu.

"Sasa yako," akasema.

Nikaipiga yangu. Akafumba macho, akatandaza viganja juu ya mbao. Magitaa yangu mawili yakafukuzana huko juu, na usoni mwake hapakuwa na kitu. Nilitazama uso ule wimbo mzima. Nilitaka kuizima. Wimbo wa tatu ulipoanza akafumbua macho, akainua kidole.

"Ngoja," akasema. "Kuna mtu anatembea."

"Nani?"

"Humu ndani. Anatembea, halafu anasimama. Anatembea tena. Sasa amesimama. Mbona anasimama pale?"

Ilinichukua muda. Alikuwa akimsikia mpiga besi, yule wa gitaa la sauti nzito. Nimeimiliki albamu ile tangu nikiwa shule ya upili, nimeisifu mbele ya watu wasioomba isifiwe, na sikuwahi hata mara moja kujua kwamba ina mpiga besi. Nikainamisha kichwa nikaweka sikio juu ya mbao, kando ya viganja vyake. Kweli, alikuwepo. Alitembea na mwimbaji, na kila mara mwimbaji alipofika kwenye jina la yule mwanamke, alisimama. Nyimbo tisa, hakulikanyaga jina lile hata mara moja.

"Anamheshimu," mama yule akasema.

"Au anamwogopa," nikasema.

"Au ni mke wake yeye," akasema, na tukacheka hadi jirani wa veranda akachungulia.

Alinikataza kuwaambia kundini. "Wakijua wataanza kunihurumia, waniandikie polepole kama mtoto. Niache niwe buda." Nikamtii, na ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nimsifu paka. Paka ni mzuri. Kundini niliandika tu kwamba nilikosea, kwamba mtu wa paka ana masikio kuliko sisi sote, na kwamba kila mtu arudi kumtafuta mpiga besi. Nikapata kidole gumba kimoja, na kilikuwa chake.

Jirani na duka letu kuna kliniki ya masikio. Ilinichukua miezi kumshawishi yule mama aende, na siku aliyokubali alikuja akinung'unika kwamba watamharibia starehe yake. Akapewa kifaa cha sikio la kushoto. Wiki ya kwanza alikichukia. Alisema jokofu linaongea, nguo zinapiga kelele, na paka anakoroma kama mzee. Akawa anakivaa kanisani na kukivua kwenye mahubiri.

Jumapili moja alinialika, akakivaa, akaniambia niipige albamu yangu tena. Alisikiliza nyimbo zote tisa, mikono mapajani, sasa magitaa yanamfikia. Nilisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Sasa nimeisikia yote," akasema mwishowe. "Huyo mwanamume anaimba kwa pua."

Nikabisha. Akakivua kifaa, akakiweka mezani, na mjadala ukaishia hapo.

Tangu hapo hatungojei msimamizi atupange. Wiki hii amenipa albamu ya watu wa kisiwa fulani wanaopuliza makombe ya konokono wa baharini, dakika sabini na moja, hakuna maneno. Niko katikati ya wimbo wa pili, na mpaka sasa sielewi kitu.