Mkono Uliokataliwa Ziwani Rukwa

Kila upepo wa Agosti unapovuma, mwanangu, nairudia Jumamosi moja, tarehe 6 Agosti 1938, na hasira yake haijapoa. Nakuandikia wewe unayejiandaa kuolewa, kwa sababu haya hutayasikia kwa wale watakaokufunda.

Nilikuwa mke mpya. Mume wangu, marehemu Yoramu, alikuwa seremala wa bwana mmoja Mwingereza aliyekuja kupima ardhi upande wetu wa Momba, karibu na Ziwa Rukwa. Bwana yule alimwagiza amtengenezee mashua mbili ndogo za tanga, kila moja ya watu wawili tu, wapate kushindana siku za mapumziko. Baba mkwe wangu, mzee Sichone, ndiye aliyepanda na bwana katika mashua yake. Mume wangu alihitaji mtu mwepesi, akanichukua mimi.

Nilijifunza kwa maumivu. Mashua ya namna ile haina uzito wa kujisimamia. Upepo ukiisukuma, lazima mtu akae ukingoni, upande unakotoka upepo, aegemee nje mpaka mgongo ukaribie maji, huku kamba ya tanga ikimchubua viganja. Tulipinduka tukijifunza karibu na ufuko, nikameza tope la ziwa, nikaibuka nacheka. Sijapata kupenda kazi nyingine kama ile.

Lakini desturi ya kwetu enzi zile ilikuwa kali. Mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni, hakutamka jina lake, na kumgusa lilikuwa jambo lisilosemeka. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo mzee aliniruhusu kushindana kwa sharti moja: mashua zetu zisikaribiane. Hebu fikiri, mwanangu! Mashindano ambayo washindani hawaruhusiwi kukaribiana! Na wanaume wenye akili zao timamu walilikubali sharti hilo.

Siku ile tulipaswa kulizunguka pipa lililokuwa likielea karibu na matete, kisha turudi ufukoni. Bwana alitutangulia. Tulipokaribia pipa, tanga letu lilijaa upepo tukawafikia ubavuni.

"Yoramu, baba yako yuko hapa," nilisema.

"Inamisha kichwa tu, mke wangu. Kamba usiiachie!"

Niliinamisha kichwa. Lakini mzee, aliyekuwa amekaa ukingoni kuizuia mashua yao isilale, aliponiona nimemkaribia, alifanya kama alivyozoea kufanya njiani. Alijifunika shuka usoni, akanipa mgongo, akahamia upande wa pili. Uzito wake ulipoondoka ukingoni, mashua ililala na kupinduka kabla bwana hajapata kupiga kelele.

Bwana alishika mashua iliyopinduka. Mzee hakujua kuogelea, na mawimbi yalikuwa yakimsukuma kuelekea kwenye matete, ambako kila mtu alijua mamba wanalala. Niliiachia kamba, nikamnyooshea mkono. Aliuona. Naye akaurudisha wake kifuani. Nasema kweli, mwanangu: mtu anayezama aliukataa mkono kwa sababu ulikuwa wa mkamwana wake!

"Baba, shika!" Yoramu alilia, huku ameng'ang'ania usukani tusije nasi tukapinduka.

Mzee alizama, akaibuka, uso bado ameugeuzia pembeni. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

"Sichone! Wewe Sichone! Nipe mkono, au nitakuvuta kwa masikio!"

Akanipa.

Ufukoni nilidhani nitapewa pole. Shangazi yake Yoramu alinipokea mikono kichwani.

"Umemtaja?"

"Nimemtoa majini, shangazi."

"Habari za maji sijakuuliza. Umemtaja kwa jina lake?"

"Na yale masikio," wifi yangu akadakia, "utayavuta leo, au unasubiri yakauke?" Watu wakaangua kicheko.

"Mlitaka baba aliwe na mamba?" Yoramu aliuliza. Shangazi alimjibu kwamba mamba hajamla, kwa hiyo mamba si habari.

Wakaamua kwamba baba yangu alete mbuzi wa kunitakasa, la sivyo nirudi kwetu. Mzee alikuwa amekaa palepale, ametupa mgongo, anakausha shuka lake. Neno lake moja lingetosha. Hakulitoa.

Baba yangu alitembea kutoka milima ya Mbozi akimswaga mbuzi. Mbuzi akachinjwa, mzee akapewa mguu, akautafuna kwa meno ambayo yangekuwa tumboni mwa mamba. Kisha wakaniamuru nipige magoti niombe radhi. Nilibaki nimesimama. Niliwaambia mbuzi ni wa baba yangu, lakini magoti ni yangu. Walinitazama, wakatazamana. Wangenirudishaje kwetu, nao mbuzi wameshamla?

Sikufundishi kuwadharau wakwe, mwanangu. Mzee yule nilimpikia kwa uaminifu mpaka alipofariki mwaka 1951, na msibani nililia machozi ya kweli. Lakini heshima iliwekwa ili watu waishi pamoja bila kuumizana. Ikifika mahali inamwacha mtu afe ili jina lake lisitajwe, hiyo si heshima tena. Ivunje mchana kweupe, na usiombe radhi. Uliyemwokoa akinyamaza wakati wewe unahukumiwa, usijidhalilishe kwa kumbembeleza aseme. Na siku wewe ndiye utakayevutwa, fungua kinywa mapema. Shukrani ya moyoni haimsaidii mtu aliyesimamishwa mbele ya watu.

Nenda kwa amani. Mungu akupe mikono yenye nguvu, nyumba yenye vicheko, na wakwe watakaoupokea mkono wako kabla hujalazimika kupaza sauti.