Kitambaa kwenye Breki

Mume wangu wanamwita Spoku. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti mpaka mgongo ulipogoma, lakini ugonjwa wake hasa ni baiskeli za kale. Si za juzijuzi hizi; anataka zile za mwanzo mwanzo, kabla babu zetu hawajaota ndevu. Wenzangu waume zao wanaporwa na wanawake. Wangu kaporwa na vyuma chakavu, na anayevipangusa ni mimi!

Kila alipoleta mpya nilimgombeza. "Hii nyumba au gereji?" Yeye hucheka tu, anaipeleka stoo na kuipangia mahali pake.

Sasa anasahau. Alianza na miwani, nikasema uzee. Kisha akamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekwishakufa. Binti yetu muuguzi hunipigia kila mara: "Mama, tumpeleke baba hospitali." Nami namjibu, "Baba yako hana kitu. Mletee baiskeli yoyote, atakutajia umri wake. Siku atakayoikosea baiskeli, nitampeleka mwenyewe." Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilishikilia hapo.

Jana asubuhi nilikwenda kuanika nguo upande wa pili wa nyumba. Kurudi, hayupo. Chai imepoa, kofia iko msumarini. Kinyozi jirani yetu hajamwona. Muuza mkaa alisema kamwona mbali, anaelekea barabara kuu. Roho ikaniruka, maana malori ya huko hayana huruma. Nikaenda mpaka kwenye mzunguko, nikarudi, nikaenda tena. Binti alipiga simu, nikaiacha iite. Ningemwambia nini?

Adhuhuri akatokea kwenye kona, jasho linamtiririka, anasukuma baiskeli.

"Mama Watoto, nimepata!"

"Ulikuwa wapi, wewe mwanamume? Unataka kuniua?"

Hakunisikia kabisa. "Hebu tazama. Ukiisukuma, pedali nazo zinazunguka, hazikubali kutulia. Tairi ni mpira mtupu, hazijazwi upepo. Hapa nyuma pana kichuma cha kukanyagia wakati wa kupanda. Na breki ni hii fimbo, inashuka kuikandamiza tairi ya mbele. Hii si ya kuiga, mke wangu. Ni ya mwanzo kabisa!"

Hakukosea hata alama moja. Nikashusha pumzi, nikawaza maneno ya kumringia binti yangu.

"Umeitoa wapi?"

"Niliikuta imeegemea ukuta wa soko. Nimemngoja mwenyewe weee, hakutokea."

Hapo ndipo nilipokiona kitambaa. Kilikuwa kimefungwa kwenye ncha ya breki, cha kijani chenye maua. Ncha ile iliwahi kunichania gauni mle stoo, nikaifunga kwa kipande cha gauni lilelile huku nikitukana. Baiskeli ilikuwa yetu. Ameitoa mwenyewe asubuhi, akaiegemeza ukutani, akaisahau, kisha akasimama juani kumngoja mwenyewe.

Yeye akakishika kitambaa taratibu. "Umeona? Imefungwa isimchane mtu. Ilikuwa na mtu wa kuijali, hii."

Niliogopa, jamani. Niliogopa kuliko nilipomwazia chini ya lori.

Tukaisukuma pamoja mpaka stoo. Katikati ya safu palikuwa na pengo, na sakafuni alama za tairi kwenye vumbi. "Bahati iliyoje!" akasema. "Hata nafasi ipo!" Akaiingiza, ikakaa sawasawa. Kisha akanigeukia, furaha imemtoka usoni.

"Mbona leo hunigombezi?"

Nikashika kiuno. "Nyingine tena? Kwani hii nyumba au gere..." Sauti ikanikatika. Nikaanza upya, kwa ukali, machozi yakinitoka. "Hii nyumba au gereji, Baba Watoto?"

Akacheka, akaridhika, akainama kupangusa spoku.

Simu ikaita tena. Nikatoka nje, nikaipokea.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia. "Njoo leo."