Masikio ya Bu Ngatirah

Katika mitaa ya Laweyan, mjini Solo, mafundi wa kebaya, blauzi za sherehe za wanawake wa Java, ni wengi, lakini bibi harusi mwenye jambo la kuficha alipelekwa kwa Bu Ngatirah, "bu" ikiwa ni "mama" kwa watu wa huko. Binti mmoja alifika na shati pana, tumbo limeanza kumsaliti, na Bu Ngatirah hakuuliza neno. Alipima, akanyamaza. Siku ya harusi nguo ilimkaa yule binti kama ngozi yake, na ndani ya mishono ya kiunoni mlikuwa na kitambaa cha akiba ambacho hakuna aliyekiomba. Mama aliyetamani kola ndefu ya kufunika kovu, akaona haya kusema, aliikuta kola ndefu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mikono ya fundi yule mjane ina macho. Wengine walisema ni kwa sababu anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, ndiyo maana anafunuliwa.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hapo, na wa aibu zaidi.

Tangu anapofungua duka mpaka anapolifunga, Bu Ngatirah alivaa hedifoni. Zilikuwa kuukuu hasa. Sponji ya sikio la kushoto ilikwisha kumenyeka, akaishonea kipande cha batiki. Utepe wa juu ulifungwa solotepu nyeusi juu ya solotepu nyeupe. Waya wake mrefu ulishuka shingoni ukaingia mfukoni mwa aproni, na humo, kila mtu alidhani, mlikuwa na simu inayoimba nyimbo za zamani. Ukitaka kumwita ulimpungia mkono au ukagonga meza. Hapo alisogeza sponji moja, akatabasamu, akasema, "Samahani mwanangu, nilikuwa mbali."

Hakuwa mbali. Waya ule aliukata mwenyewe kwa mkasi, siku moja akikata bitana kwa haraka. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kujilaani pale wateja wawili walipoingia, wakaziona hedifoni kichwani, wakakaa benchini na kuanza kumchambua mkwe wa mmoja wao. Yalikuwa maneno matamu. Bu Ngatirah, ambaye chakula cha jioni alikila peke yake, akainama juu ya cherehani, akatikisa kichwa taratibu kama anayefuata ngoma, akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akazivaa tena. Ncha ya waya uliokatika aliipiga fundo, akaitumbukiza mfukoni. Miaka ikaenda.

Hakulitoa nje ya duka hata neno moja. Alichosikia alikishona tu. Na aliposemwa yeye, hilo nalo alilishona, kwa namna yake.

Aliyekuja kuharibu mambo alikuja kwa mapenzi. Jatmiko, mtoto wa mdogo wake, ni kijana wa maneno mengi aliyejipatia watazamaji mtandaoni kwa kujaribu vitu vya bei chee: feni za mfukoni, visu visivyokata, saa zinazopima mapigo ya moyo hata ukiivalisha ndizi. Jumamosi moja asubuhi aliingia dukani na kiboksi mkononi, simu yake tayari imesimama kwenye kijiti chenye miguu mitatu.

"Bude," alisema, kama anavyomwita mama yake mkubwa tangu utotoni, "leo nakutoa kwenye enzi za mawe. Hedifoni mpya, hazina waya, na bei yake hata mwizi angeona haya kuziiba."

"Nina zangu."

"Zako hizo? Bude, hizo zinatakiwa kuzikwa kwa heshima. Ndiyo maana nimezitaka. Tunazipambanisha, mpya na kuukuu, moja kwa moja mtandaoni. Watu wanasubiri."

"We mtoto, nina wateja."

Kweli alikuwa nao. Benchini alikaa Bu Hartati, mke wa muuza dhahabu, amekuja na bintiye Retno kujaribu nguo ya harusi. Mlangoni alisimama jirani, Bu Kustini, muuza tempe, vipande vya soya vya kukaanga, mwenye mdomo uliozunguka mtaa mara mbili kabla ya saa nne. Na pembeni, akipanga vifungo vyake juu ya kaunta, alikuwako Pak Sukamdi, mchuuzi wa vifungo na zipu, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe, ambaye vifungo vyake vilichukua muda mrefu kupangwa kuliko vya mchuuzi yeyote wa Java.

"Mwache kijana, Bu!" Kustini alisema kwa kelele, akiingia na kugonga meza ili asikike. "Na sisi tuonekane!"

Bu Ngatirah aliona kukataa sana kutazua maswali. Akavua zile kuukuu, akazishikilia mapajani kama kuku anayeatamia, akakubali zile mpya zivishwe.

Jatmiko akagusa simu.

Kwanza dunia ilizimika. Cherehani za jirani, pikipiki za barabarani, mafuta ya Kustini yaliyokuwa yakichemka kikaangoni nje, vyote vikaondoka kama vimefagiwa. Halafu ikaja fidla, halafu filimbi, halafu sauti ya mwanamke akiimba keroncong, muziki wa zamani wa huko, na wimbo ni ule ule ambao Bu Ngatirah aliucheza kwenye harusi yake. Alisikia mpaka mwimbaji akivuta pumzi. Alikuwa amesahau kwamba muziki una pumzi. Macho yakamlenga machozi, na kabla hajajizuia mdomo wake ukafunguka, akaimba.

Aliimba kwa sauti kubwa, na aliimba vibaya. Retno alificha uso kwenye kanga ya mama yake. Jatmiko alikuwa anacheka bila sauti, akimwelekezea kamera.

Katikati ya ubeti wa pili Bu Ngatirah akafumbua macho, na alichokiona kikamkatisha wimbo. Kustini alikuwa amemwinamia Bu Hartati, midomo inakwenda mbio. Bu Hartati akapanua macho. Wote wawili wakamtazama yeye, kisha wakatazamana, wakacheka. Midomo ilikwenda, na yeye hakusikia kitu! Miaka yote ile hakuna neno lililompita dukani mwake, na leo linapita mbele ya pua yake limevaa viatu. Akazing'oa zile hedifoni.

"Mnasema nini?"

"Hamna kitu, Bu," alisema Kustini. "Tunasifu sauti yako."

"Mbona umecheka?"

"Nimecheka? Nimekohoa."

"Tulieni, tulieni," Jatmiko akaingilia. "Bude, besi ikoje?"

"Nzuri."

"Zinabana masikio?"

"Hazibani. Zinaziba. Zinaziba mno."

"Mmesikia, wapendwa? Zinaziba mno! Sasa za zamani. Vaa, Bude."

Akazivaa. Hapo moyo wake ulirudi mahali pake, maana sauti zote zilirudi: pikipiki, mafuta, pumzi za Kustini pale benchini. Jatmiko akainua kidole.

"Wimbo ni ule ule, nimekutumia kwenye simu yako. Haya, ucheze. Unasikiaje?"

Bu Ngatirah akatia mkono mfukoni, akaminyaminya kifuko cha pini, akafumba macho. "Mmh. Fidla hii. Tamu."

"Besi?"

"Ipo. Inapiga kwa mbali."

"Sasa inaimba sauti gani, ya mwanamke au ya mwanamume?"

"Ya mwanamke, si ule ule?"

Jatmiko akakuna kichwa. "Bude, sijautuma bado. Mtandao umegoma."

"Basi huu ni mwingine," alisema Bu Ngatirah. "Unafanana."

"Hebu nione simu yako."

"Usiguse aproni yangu, kuna sindano!"

Lakini Jatmiko alikwisha kuushika waya. Akauvuta, kwa upole, kama mtu anayevuta uzi wa kishada, huku akiwaeleza watazamaji kwamba tatizo la hedifoni za kizamani ni pale kichwa cha waya kinapolegea kwenye simu. Waya ukaja. Ukaja. Ukatoka wote mfukoni, na mwisho wake hapakuwa na simu, wala kichwa cha waya. Palikuwa na fundo, limekazwa kifundi, na kipini kimoja kimenasa humo.

Kisha, taratibu, kila mmoja akaanza kurudi nyuma kichwani mwake, akikumbuka alichowahi kukisema kwenye lile benchi.

Wa kwanza kufika alikuwa Kustini. "Bu," alisema kwa sauti nyembamba. "Ile siku niliposema una makalio kama gunia la mchele..."

"Nilisikia."

"Sketi yangu ya kijani! Zipu inayokwama!"

"Inakwama ukikaa tu," alisema Bu Ngatirah. "Ukisimama haikwami."

"Na mimi?" Bu Hartati aliinuka. "Nilipomsema dada wa mume wangu? Ile habari ya... ya kule Semarang?"

"Yote."

Pak Sukamdi hakuuliza. Alikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Kila wiki, akipanga vifungo, alikuwa na mazoea ya kumweleza Bu Ngatirah mambo ambayo mwanamume hulieleza tu sikio lililozibwa: jinsi nyumba ilivyo kubwa tangu mkewe aondoke, na kwamba njia ya kuja dukani hapa ndiyo fupi kuliko zote ingawa anaizunguka. Akakusanya vifungo vyake kwa viganja vyote viwili, nusu vikamwagika, akatoka bila kuaga.

"Ndiyo maana kiuno changu..." Retno aliropoka, kisha akajiziba mdomo.

Mama yake akageuka. "Kiuno chako kimefanya nini?"

Binti akawa mweupe kama bitana. Bu Ngatirah akachukua futi, akamfunga nayo kiunoni haraka, uso mkavu. "Kilikuwa na mkunjo kwa nyuma, nikaurekebisha. Alimwambia rafiki yake kinamwasha. Simama wima, mwanangu."

Retno akasimama wima, tumbo amelivuta ndani. Machoni mwake mlikuwa na shukrani ambayo hakuna kamera ingeipiga, na Jatmiko, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akaizima simu kabla ya wakati. Lakini kabla hajaizima aliwaaga watazamaji, maana kazi ni kazi: "Kwa muziki, mpya zimeshinda. Kwa kusikia, wapendwa, za zamani hazina mpinzani."

Watu walicheka mpaka Jakarta. Laweyan hawakucheka. Benchi likakaa tupu, na wanawake waliopita mbele ya duka walipita wamebana midomo kama wamebeba maji. Bu Ngatirah alishona pindo za mapazia, akajiambia hajali. Jatmiko alileta chai ya barafu na kuomba radhi. Akaambiwa akae mbali na waya za watu.

Zile mpya alizivaa asubuhi, duka likiwa tupu. Angezitupa kwa hasira, ila ule wimbo ulimshika. Siku moja Kustini alimkuta hivyo, anaimba, macho kayafumba. Akagonga meza. Akagonga tena. Hatimaye akamvua hedifoni mwenyewe.

"Leo kweli ulikuwa husikii," alisema Kustini.

"Kweli."

"Umenikasirisha, Bu. Nimekaa nyumbani nikakumbuka kila nilichokisema hapa. Kila kitu! Nikaanza kutafuta ni kipi kimevuja, nije nikuvue nguo mbele ya watu." Akaweka sahani ya tempe mezani kwa kishindo. "Sikukipata. Hata kimoja. Na mimi nimekusema kila mahali, mpaka msibani."

"Najua. Ulinisema hapa hapa mara mbili."

"Zipu yangu ifumue."

"Lete sketi."

Wakala tempe. Baada ya hapo wengine walirudi mmoja mmoja, kwanza kwa woga, halafu kwa ujanja. Waligundua kwamba lipo jambo ambalo mtu hawezi kulisema usoni kwa fundi, lakini anaweza kulinong'ona kwa rafiki akiwa karibu na fundi. Binti mmoja alimwambia mwenzake, akiwa amelitazama dari, kwamba laiti mikono ya kebaya ingefika kwenye kiwiko, maana alama alizonazo hataki mama mkwe azione. Bu Ngatirah hakuinua uso. Zile hedifoni mpya zilikuwa kichwani mwake, hazina waya wa kuvutwa, na hakuna aliyejua kama zinaimba au zimezimwa. Mikono ilifika kwenye kiwiko.

Pak Sukamdi ndiye aliyekawia kuliko wote. Alipokuja, alikuja na mfuko wake wa vifungo na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Akapanga vifungo. Akavipanga upya. Kustini, aliyemwona akiingia, alikwisha kuhamishia kikaango chake karibu na dirisha.

"Nasikia," Pak Sukamdi aliviambia vifungo, "Jumamosi kuna keroncong pale karibu na kasri. Nimewaza kwenda. Mtu akienda peke yake lakini, anakuwa kama... kama zipu ya upande mmoja."

Bu Ngatirah alikuwa anakanyaga cherehani. Hakugeuka. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayefuata ngoma.

Pak Sukamdi akakohoa. Akasogea. "Nasema, Jumamosi. Keroncong. Na baadaye wali wa nazi, ule wa nasi liwet, kama mtu ana njaa."

Kichwa kikatikisika tu. Kule dirishani Kustini aling'ata kidole.

Yule mwanamume akavuta pumzi yake yote, akagonga meza, akapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka: "BU NGATIRAH! UTAKWENDA NAMI KUSIKILIZA KERONCONG?"

Bu Ngatirah akasogeza sponji moja, pole pole, akamtazama kwa macho ya mtoto mchanga.

"Samahani, Pak," alisema. "Hiyo Jumamosi, ni saa ngapi?"