Ayame Hakusema

Kuramochi ana miaka arobaini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza iliyo jirani na yangu katika studio ya katuni hapa Ogikubo, akichora nyuso za wasichana wa katuni. Mimi kazi yangu ni rangi. Mimi ni mropokaji, sifichi. Yeye ukimwambia jambo huitika "mm", na penseli haisimami.

Mwaka jana tulipewa katuni ya mapenzi na vichekesho, sehemu kumi na mbili, iliyotokana na kitabu cha picha ambacho bado kinaendelea kuchapishwa. Ayame, binti wa duka la tofu, ile jibini ya soya, anampenda kijana wa jirani na hathubutu kumwambia. Ndiyo hadithi yote. Nyuso zote za sehemu ya kwanza Kuramochi alizisahihisha peke yake, na ilipoonyeshwa kwenye runinga Aprili watu walipagawa. Hata dada yangu, ambaye hajawahi kujali ninachofanya, alipiga simu kuuliza Ayame atasema lini.

Tulikunywa bia kujipongeza. Nagumo, mwongozaji wetu, masikio yakiwa yamemwiva kwa bia, akasema mbele ya wote, "Kuramochi-san, siku Ayame atakapotamka, pale ni pako. Mwingine asiguse."

Mtu mwenye akili angesubiri apewe karatasi za mwongozo wa sehemu hiyo. Kuramochi alianza kesho yake. Sisi huchora midomo mitatu tu: iliyofumbwa, nusu na wazi, sauti huja kupachikwa baadaye. Yeye alitaka Ayame aseme kweli, hata ukizima sauti.

"Hirose-san, hebu niambie nakupenda."

"Mimi? Na miaka yangu hamsini na minane, na meno ya bandia?"

"Polepole. Usicheke."

Basi kila mchana kwa wiki tatu nilimwambia nakupenda, tonge la wali mkononi. Mume wangu hajawahi kupata hata moja.

Huku mambo yakaanza kwenda mrama. Kuanzia sehemu ya tano wachoraji wazuri walihamishiwa kazi nyingine, na michoro tuliyowapa watu wa nje ilirudi macho yamepishana. Sehemu ya saba Ayame alikuwa na vidole sita. Watazamaji walitucheka, kisha wakaacha hata kucheka. Kuramochi alishinda akizitia viraka nyuso za wengine, na wakati wa chakula anarudi kwenye mdomo wa Ayame.

"Wakiiona ile," aliniambia, "watasamehe yote."

Juni, mvua ikinyesha, Nagumo alirudi kutoka kikao na wenye kitabu. Akasimama mbele ya meza zetu, mwavuli unachuruzika.

"Ayame hatasema."

"Unasemaje?" nikauliza mimi.

"Kitabuni hajasema bado, na hatuwezi kukitangulia. Atafungua mdomo, fataki zitalia, basi."

"Na wewe ukakubali tu! Mdomo wako ni wa kulia tambi za ramen peke yake?"

"Hirose-san, tafadhali."

Kuramochi akauliza, "Fataki zinalia baada ya sekunde ngapi?"

"Mbili."

"Mm."

Nilitamani atupe hata kifutio. Akavuta karatasi mpya, akachora mdomo nusu wazi. Mstari mzuri tu, safi. Nilimchukia kidogo siku ile.

Sehemu ya mwisho ilipokwisha kuonyeshwa, michoro yote ikawa ya kutupwa, kama kawaida. Asubuhi ya lori la taka, Kuramochi alifungua droo yake ya chini, akachukua karatasi mia moja sitini na nne za Ayame akitamka, akazipeperusha kwa kidole gumba mbele yangu. Ayame akatazama chini, akainua uso, akasema. Nilimsikia. Nililia, sioni haya kukiri.

"Nenda nazo nyumbani," nikamwambia.

"Ni mali ya kampuni."

"Kuramochi-san, hata huumii?"

Akafikiri kweli, hakunijibu ovyo.

"Nilidhani nitaumia. Nimesubiri tangu Juni."

"Halafu?"

"Hakijaja kitu."

Akalitia bunda ndani ya gunia pamoja na vidole sita na macho yaliyopishana, akafunga. Gunia lilikuwa zito, tukalishusha ngazini sisi wawili. Pale chini akamwinamia kwa heshima mtu wa lori, akamshukuru kwa kazi.