Sahani ya Pilau Iliyofika Mutanga Nord

Sisi watu wa Buyenzi hatuna imani na ufunguo mmoja. Nimekulia mtaa huo na najua ninachosema: kila nyumba ina ufunguo wa pili, na huo wa pili unalala kwa mtu mwingine, kwa shangazi, kwa jirani, hata kwa muuza mkaa wa kona. Katika ugonjwa huo jirani yangu Mwantum alitupita sote. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kuchonga funguo, na utotoni aliwaona watu wazima wakija kibandani kwa baba wakikaribia kulia kwa sababu wamejifungia nje. Akakua anaogopa kupoteza funguo jinsi wengine wanavyoogopa mbwa.

Basi mtu wa namna hiyo, siku akipewa kadi, ungetegemea afanye nini?

Kazi aliipata mtaa wa Mutanga Nord, katika nyumba isiyo na kibao. Wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao hufichwa humo mpaka wapate pa kwenda. Mwantum alipika, alifua, na baadhi ya siku alilala huko huko. Alikatazwa kumwambia yeyote nyumba iko wapi au ni ya nini, na kwa hilo namsifu: sisi majirani tulijua tu kwamba anafanya kazi Mutanga, kwa watu fulani wenye uwezo. Msimamizi wake, Madamu Ernestine, alimkabidhi kadi nyeupe ya plastiki na kumwonyesha kijisanduku cheusi kando ya lango. Unasogeza kadi, kijisanduku kinalia tii, kitaa kinawaka kijani, lango linaachia.

"Ukiipoteza hii," Madamu alimwambia, "kazi hakuna."

Usingizi ukamruka. Kadi aliificha kifuani, akaihamishia chini ya godoro, akairudisha kifuani, na bado akawa anashtuka na kuipapasa. Mwishowe akaipeleka kibandani kwa mdogo wake Massoudi, aliyerithi kazi ya baba yao, amtengenezee ya pili.

Massoudi alikuwa na mashine ndogo kama simu, aliyoletewa kutoka Dubai. Akaigusisha na ile kadi, tii. Akachukua kidude cha buluu cha kutia kwenye mnyororo wa funguo, akaigusisha nacho, tii. Akamrudishia dada yake kadi kabla hajapata hata mahali pa kukaa.

"Imeisha?" Mwantum aliuliza.

"Imeisha, dada. Kazi ni ile ya kuchonga ufunguo. Hii kadi haina siri hata kidogo. Inataja namba yake kwa kila kimashine kinaisogelea, na mulango unaamini tu. Haiulizi we ni nani."

Mwantum aliigeuza kadi mkononi. Siku zote alidhani ile kadi inamjua yeye. Lakini hofu ya kufukuzwa ilikuwa karibu zaidi, kwa hiyo akakitundika kidude cha buluu kwenye msumari wa baba ukutani mwa kibanda, pale zinapokaa funguo za pili za ukoo mzima, akaenda zake. Usiku huo alilala vizuri.

Kisha akaja Irène.

Irène alikuwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alimkimbia mumewe, mfanyabiashara anayeitwa Divin, akapanga chumba kule Ruziba, upande wetu wa mpaka. Divin alimtafuta mpaka akampata. Alimlaghai mwenye nyumba akamwachia ufunguo kwa muda mfupi, akaukandamiza kwenye sabuni, akachongesha wake. Mchana mmoja Irène akarudi kutoka sokoni, akafungua mlango, akamkuta amekaa kitandani anamsubiri. Kovu la siku hiyo linatoka sikioni mpaka kwenye taya.

Alipofika Mutanga Nord hakuwa anakaa chini. Alisimama dirishani akitazama lango. Kilichokuja kumtuliza ni kile kijisanduku cheusi.

"Yaya Mwantum," alisema siku moja wakimenya ndizi, kwani kwao yaya ni dada mkubwa, "hii kadi mutu hawezi kuikandamiza mu sabuni, si ndiyo?"

"Apana, hawezi."

Hakudanganya, maskini, lakini alikikumbuka kile kidude cha msumarini. Tangu siku hiyo hofu ilimhamia yeye. Aliapa kwamba atakwenda kukitoa kile kidude msumarini. Kila alipopita kibandani alimkuta Massoudi amezungukwa na wateja, naye angeelezaje bila kusema nyumba ni ya nini? Kumwambia Madamu ndiyo kabisa hakuthubutu. Akaendelea kupika na kuogopa.

Wakati huo mke wa Massoudi akajifungua mtoto wa kike, ikafanywa akika. Mwantum alikuwa kazini. Kwetu ndugu akikosa karamu, sahani yake humfuata alipo, tena ikiwa bado ya moto. Massoudi alimpigia simu dada yake mara kadhaa, lakini katika nyumba ile simu za wafanyakazi hukaa droo ya Madamu. Hakuna aliyepokea, na pilau ilikuwa inapoa.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Madamu Ernestine alikuwa amewapeleka wanawake wengine hospitali, na Mwantum na Irène walikuwa peke yao uani, wanachambua maharage. Lango likalia tii.

Walitazamana. Madamu hupiga honi kwanza, siku zote. Mwantum akapeleka mkono kifuani, kadi yake ilikuwepo. Ungo ulimponyoka Irène, maharage yakamwagika, naye akajibanza nyuma ya tangi la maji. Mwantum akaokota mchi wa kinu. Akasimama kati ya lango na tangi.

"Nilijua ni Divin," aliniambia baadaye. "Na nilijua ni mi mwenyewe nilimufungulia."

Lango lilisogea polepole. Kikaonekana kiatu cha mwanamume, kimepakwa rangi. Ikafuata kanzu nyeupe. Halafu Massoudi mzima, anatabasamu, amebeba sahani iliyofungwa kwa kitambaa.

"Dada! Simu hushiki. Nikasema apana, hatakosa sahani yake."

"Nyumba hii umeijuaje?"

"Sikuijua! We ulisema Mutanga Nord. Nimetembea na barabara, kila lango iko na kisanduku nagusisha. Zingine zikakataa, hii ikakubali." Akainua kidude cha buluu, amefurahi kabisa.

Mwantum alikaa chini, juu ya maharage. Irène akatoka nyuma ya tangi. Hakumtazama Massoudi hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye kile kidude.

"Hiyo ni nini, yaya?" alimuuliza Mwantum.

Ikabidi aseme. Alisema yote, akilia.

"Kwa hiyo mutu anaweza kutembea tu na barabara," Irène alisema taratibu, "mpaka nyumba imuitikie."

"Mi si mutu mubaya, mama," Massoudi alijitetea.

"Najua. Ulileta chakula."

Mwantum akakinyang'anya kile kidude, akakiponda kwa mchi mpaka kikawa unga. Akamshika Irène mikono, akamwapia kwamba hakuna kingine, kimekwisha.

"Na ile mashine?" Irène alimuuliza Massoudi. "Haikumbuki?"

Massoudi akaangalia viatu vyake. "Inakumbuka. Iko kibandani."

Irène hakugombana. Aliingia ndani akatoka na mfuko wake. Mwantum alimsihi amsubiri Madamu, kijisanduku kitabadilishwa, kila kitu kitabadilishwa. Irène alijibu kwamba hawezi tena kulala mahali ambapo mtu anaweza kuingia amevaa vizuri.

Kutoka nako kunahitaji kadi, na Irène hakuwa nayo. Alisimama mbele ya lango lililofungwa, akasubiri. Mwantum akaitoa kadi kifuani, akaisogeza. Tii.

Madamu aliporudi, Mwantum alimweleza yote. Kazi aliipoteza jioni hiyo, wala hakubisha. Siku hizi huenda sokoni kuwauliza wachuuzi wanawake wanaotoka Uvira kama wamemwona mwanamke mwenye kovu la sikio mpaka taya. Wanamjibu kwamba yuko pia mwanamume mmoja anayemuulizia huyo huyo.